Ndege 96 na Meli ya Sultani

Jumanne ya tarehe 9 Septemba 2025, wakati wa alasiri, sisi tunaoishi Doha tulipata habari ambayo wengi hatukuiamini mpaka tulipouona moshi. Israel ilikuwa imeipiga nyumba waliyokuwamo viongozi wa Hamas, watu waliokuwa katika mazungumzo ya kusimamisha vita vya Gaza. Waliuawa watu sita, mmoja wao askari wa usalama wa hapa hapa Qatar. Usiku ule barazani kwetu, penye kahawa na kashata, mzee mmoja wa Kipemba aliuliza: "Hivi zile ndege zote zinazotupigia kelele siku ya sherehe za taifa, leo zilikuwa wapi?"

Walinigeukia mimi kwa kuwa ni injinia. Nikaanza kueleza mambo ya rada na masafa ya makombora, nikaishia njiani. Mzee hakuwa ameuliza habari za rada. Alitaka kujua zile ndege zilinunuliwa kwa kazi gani.

Tuanze na hesabu. Qatar ina kilomita za mraba kama 11,500, yaani ni ndogo kuliko mkoa wa Kilimanjaro. Kwa miaka mingi ndege zake za kivita za maana zilikuwa Mirage 2000 kumi na mbili, zilizoagizwa Ufaransa mwaka 1994. Mwezi Mei 2015 ikaagiza Rafale 24. Kisha tarehe 5 Juni 2017, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zikakata uhusiano nayo, na mpaka wake pekee wa nchi kavu ukafungwa. Waliokuwapo wanakumbuka foleni za madukani siku ile. Tarehe 9 Juni Rais Trump akasema hadharani kwamba Qatar imekuwa mfadhili wa ugaidi. Tarehe 14 Juni, siku tano tu baadaye, mawaziri wa ulinzi wa nchi hizo mbili wakatia saini mjini Washington mkataba wa ndege 36 aina ya F-15, kwa dola bilioni 12. Desemba mwaka ule ule Qatar ikaongeza Rafale 12 kutoka Ufaransa na Typhoon 24 kutoka Uingereza. Jumla ni ndege 96, mara nane ya zile za mwanzo.

Kwa jicho la ufundi, huu ni wazimu. Hata mwenye mabasi matatu Kariakoo anajua kuwa ukichanganya gari za viwanda vitatu, unahitaji stoo tatu za vipuri na mafundi wa aina tatu. Ndege za kivita ni zaidi ya hapo: kila aina ina injini yake, programu zake za kompyuta, vyombo vyake vya kupimia, silaha zake na shule yake ya marubani. Na raia wenyewe wa nchi hii wanakisiwa kuwa laki tatu na kitu. Kwa dola bilioni 12 za ule mkataba mmoja tu, ni kama dola 40,000 kwa kila raia, mtoto mchanga akiwemo.

Lakini tazama wauzaji ni akina nani. Marekani, Ufaransa, Uingereza: wote watatu wana kiti cha kudumu na kura ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Fundi anayeunganisha F-15 huko St. Louis, mwenzake wa Rafale huko Mérignac na yule wa Typhoon huko Warton, wote wana sababu ya kuiombea Qatar maisha marefu. Hapo hesabu yangu ya stoo tatu inapoteza nguvu. Kilichonunuliwa ni bima, na mwenye nyumba moja kaikata kwa makampuni matatu.

Basi swali linalonisumbua ni hili: je, mnyonge anafanya haki anaponunua urafiki wa mwenye nguvu kwa kununua silaha zake? Sitaki kumcheka anayefanya hivyo. Katika mitaa tuliyokulia, mjane alimpelekea jirani mwenye ubavu sahani ya pilau kila Idi, na hakuna aliyeiita hongo. Pilau ile, hata hivyo, haikuweza kumuua mtu, na jirani yule hakuwa amemuuzia pilau ya namna ile ile mgomvi wa mjane. Israel nayo hurusha F-15, kutoka kiwanda kile kile.

Sisi wa pwani tuna kisa chetu katika jambo hili, na nashangaa hakitajwi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangamiza merikebu za Sultani wa Zanzibar. Sayyid Barghash akaagiza meli mpya Uingereza, ikajengwa Scotland, ikakamilika mwaka 1878. Iliitwa Glasgow, kwa kufuata manowari ya Kiingereza iliyompendeza. Malkia Victoria akampa mizinga ya kuiwekea. Ilikuwa meli ya fahari, ikitia nanga mbele ya kasri ili kila mgeni aione. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. "Ulinzi" ndilo neno lililotumika. Tarehe 27 Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash alipokalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao zilipiga kasri kwa dakika zisizofika hamsini. Glasgow ilijibu kwa mizinga yake, ile ile ya zawadi, ikazamishwa pale pale bandarini. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mpaka mwaka 1912.

Siku hizi hata kuizamisha hakuna haja. Shah wa Iran aliletewa F-14 sabini na tisa na Marekani. Baada ya mapinduzi ya 1979 Marekani ikakata vipuri, na Wairani wakabaki kuichinja ndege moja ili nyingine iruke. Mimi nimefanya kazi na mitambo ya kununua maisha yangu yote, na nasema kwa uhakika: mtambo ambao huwezi kuutengeneza bila idhini ya aliyekuuzia, umeukodi.

Kuna jambo la pili, nalo linatugusa Afrika Mashariki zaidi. Ni nani aliyeulizwa? Mwaka 2011 Uganda ilinunua ndege sita za Sukhoi-30 kutoka Urusi. Zilitajwa dola milioni 740 kwa ununuzi huo wa kijeshi, zikachotwa kwenye akiba ya Benki Kuu, Bunge likaja kuulizwa baadaye. Tanzania nayo ina kisa chake. Ilinunua rada ya BAE kwa pauni milioni 28, ingawa Benki ya Dunia ilionya kuwa ni ghali mno kwa mahitaji yetu. Mwaka 2010 kampuni ile ilikiri mahakamani London kosa la kutoweka sawasawa hesabu za biashara hiyo, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa ajili ya vitabu na madawati ya shule za msingi. Mara nyingi nimewaza juu ya watoto waliosoma bila vitabu katika miaka ile kabla fedha hazijarudi. Qatar ina gesi, hakuna mtoto wake aliyekosa dawati kwa sababu ya Rafale. Kwa hiyo hatia, kama ipo, si ya uzito mmoja. Anayenunua bima kwa akiba yake na anayeinunua kwa chakula cha mwanawe hawawezi kuhukumiwa pamoja.

Nisieleweke vibaya kwamba nchi ndogo ikae mlango wazi. Usiku wa tarehe 23 Juni 2025, Iran iliporusha makombora kuelekea kambi ya Al Udeid, karibu yote yalidunguliwa angani, na mimi na familia yangu tulikuwa chini ya anga hilo. Siwezi kuisema vibaya ngao iliyonikinga. Ila kombora la kudungua kombora lina kazi moja tu. Ndege ya masafa marefu ina nyingine. Zile Mirage za Qatar, zilizonunuliwa kwa ulinzi, mwezi Machi 2011 zilipelekwa Krete na kuruka juu ya Libya. Na Libya yenyewe, mwaka 1979, ilituma ndege yake ya mabomu kumsaidia Idi Amin. Ikaukosa mji wa Mwanza, mabomu yakaua swala katika kisiwa cha Saanane. Tulikuwa watoto wadogo, na habari ya wale swala tuliisimulia kama mzaha.

Nilirudi barazani wiki kadhaa baadaye nikiwa na jibu la mzee. Nilimwambia kuwa malipo ya bima yametoka. Tarehe 29 Septemba Netanyahu aliomba radhi kwa simu akiwa Ikulu ya Marekani, na Trump akatia saini amri inayosema shambulio lolote dhidi ya Qatar litahesabiwa kuwa tishio kwa Marekani yenyewe. Mzee akauliza kama amri hiyo ni mkataba uliopitishwa na Seneti yao. Nikasema hapana, ni amri ya rais, na rais ajaye anaweza kuifuta.

"Haya," akasema, akasogeza kikombe chake kijazwe tena.