Mama wa Kipolandi Alistahili Kuambiwa

Wanafunzi wangu wakimaliza kusoma Der Tod in Venedig, riwaya fupi ya Thomas Mann ya mwaka 1912, karibu wote huulaumu mji wa Venice. Aschenbach, mhusika wake mkuu, alikuwa mwandishi mwenye heshima zake kule Munich, mtu wa kuamka mapema na kujimwagia maji baridi kabla ya kushika kalamu. Akafika Venice, akaharibikiwa. Mann mwenyewe anawapa sababu ya kusema hivyo. Gondola ni nyeusi kama jeneza, vichochoro vinanuka, na kipindupindu kinasemwa kimetoka mbali zaidi, kwenye vinamasi vya mto Ganges. Ubaya hutafutiwa kwao, na kwao huko kusiwe kwetu.

Mimi nakataa. Mle kitabuni mna ofisi ya safari ya Waingereza, na karani wake kijana ndiye anayemweleza Aschenbach jambo ambalo mji mzima unalificha: watu wanakufa, wakubwa wamenyamaza ili wageni wasikimbie, afadhali aondoke leo asingoje kesho. (Mann alikuwa huko mwaka 1911, na kipindupindu kilikuwapo kweli.) Hotelini yumo mama wa Kipolandi mwenye lulu shingoni, pamoja na wanawe, akiwemo Tadzio, ambaye uzuri wake umemteka mzee huyu hata siku haimwendei bila kumtazama. Anawaza kumwendea mama yule amwambie awachukue watoto waende zao. Hamwendei. Wakienda, hatamwona tena kijana.

Wafanyabiashara walinyamaza kwa ajili ya fedha, naye kwa ajili ya macho yake. Venice haikumfundisha kunyamaza. Ilimpa wenzake tu. Kunyamaza huko Qur'ani ina neno nako: aya ya 283 ya Suratul-Baqara inaanza kwa kuwataja walio safarini, kisha inakataza kuficha ushahidi, na dhambi ya anayeuficha inaiweka moyoni mwake. Aya ni ya madeni, ndiyo, lakini mama yule naye alikuwa anadai: alidai neno moja, kwa mtu aliyekula naye ukumbi mmoja kila jioni. Ugeni haumfutii mtu deni la namna hiyo.

Wanafunzi humlilia mzee anayefia kitini ufukweni. Nami huwauliza habari za watoto. Siku ile mizigo yao ilikuwa imeshafungwa, waondoke baada ya chakula cha mchana, na muda wote huo walikula na kunywa bila kuambiwa. Mann hasemi kama walifika kwao wazima.