Je, Watu wa Zamani Walitushinda kwa Wema?

Ukikaa barazani Isevya wakati wa jioni, haupiti muda mrefu kabla hujasikia neno hili: "Siku hizi adabu imekwisha." Mmoja akilisema, wenzake huitikia kwa kutikisa vichwa. Vijana hawaamkii wakubwa wao, mavazi hayana staha, mdaiwa hujificha, mwenye cheo haoni haya kupokea rushwa. Zamani, husema, haikuwa hivi. Neno hili limezoeleka hata huonekana ni utovu wa heshima kuuliza swali moja: Zamani ipi?

Twauliza kwa sababu Isevya ni mtaa wa Tabora, na zamani ya Tabora si hadithi ya kubuni. Waingereza Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, walikuta wafanya biashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Njia kuu ilitoka pwani ya Bagamoyo, ikafika hapa, ikagawanyika: tawi moja kwenda Ujiji na Manyema, la pili kwenda Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilipita njia hiyo. Watu pia walipita, wamefungwa shingoni, wanaume, wanawake na watoto. Wengi hawakufika pwani. Wengine walibakizwa papa hapa, walime mashamba ya mabwana zao na kuwatekea maji.

Mabwana hao walikuwa watu gani? Kama wangalikuwa wanyang'anyi wasiomcha Mungu, jambo lingalikuwa jepesi. Lakini wengi walikuwa watu wa heshima. Walisali, walikaribisha wageni, waliwafunza watoto wao kuamkia wakubwa. Watemi wa bara nao, walioitwa baba za watu wao, waliuza mateka wa vita. Hata Wakristo wa Ulaya na Marekani walikuwa wamemiliki watumwa kwa karne nyingi, huku wakienda kanisani kila Jumapili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara mambo yalikawia. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Ilipofika mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo utumwa ulipofutwa kwa sheria katika Tanganyika.

Basi anayesema kwamba adabu ilikuwa zamani, na atuambie: adabu ya nani, tena mbele ya nani? Maana mtoto yule aliyeamkia wakubwa kwa unyenyekevu, huenda maji yake ya kunawa aliletewa na mtoto mwenzake, aliyenunuliwa kwa doti chache za merikani.

Hatusemi haya ili kuwatukana wazee. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru, aliyepatana ujira wake na kubeba mzigo wa frasila mbili mpaka pwani, na kazi hiyo ilikuwa fahari yake. Katika safari zile utani kati ya makabila ulikua na kuimarika, hata mtu wa mbali akapata mahali pa kulala, na akifa, watu wa kumzika. Wema huo ulikuwa wa kweli, na pengine sisi tumeupunguza. Lakini wema na ukatili vilitembea katika msafara mmoja.

Wala hatusemi kwamba dunia huzidi kuwa njema kadiri miaka ipitavyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wanyamwezi na Wasukuma, wakiwa wamechoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi, walianzisha sungusungu, na usalama ukarudi katika vijiji vingi. Walakini sungusungu hao hao mara nyingine waliwatesa na kuwafukuza wanawake waliodhaniwa kuwa wachawi. Vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Na kuanzia miaka ya 2006 na 2007 zilienea habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo ili wengine wapate utajiri, hata Serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli mwezi wa Januari 2015. Hayo hayakutendwa na watu wa misafara. Yametendwa na watu wa siku zetu, wenye shule kijijini na simu mkononi.

Ikiwa kila zama ina mema na maovu yake, kwa nini twaona daima kwamba twashuka? Mwaka 2023 wataalamu wawili wa saikolojia, Adam Mastroianni na Daniel Gilbert, walitoa uchunguzi wao katika jarida la Nature. Walikuta kwamba watu wa nchi zisizopungua 60 huamini kuwa maadili yanashuka, na kwamba imani hiyo imedumu kwa miaka isiyopungua 70. Lakini watu walipoulizwa juu ya wenzao wa wakati ule ule, jinsi wanavyotendeana, majibu hayakubadilika sana mwaka hata mwaka. Tena juu ya watu wanaowafahamu wenyewe, hawakusema kwamba wameharibika. Sababu, wasema wataalamu hao, ni kwamba habari mbaya ndizo zivutazo masikio, na machungu ya zamani husahaulika upesi.

Uchunguzi huo watufaa, ila una mpaka wake. Kama wenye matembe ya Kazeh wangaliulizwa iwapo watu wanatendeana wema, wangalijibu kwamba ndiyo. Mtumwa asingaliulizwa.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kulaumu zama. Lawama hiyo haimgharimu mtu kitu: dhambi huwa ya vijana, au ya wakubwa wa mjini, wala si ya anayesema. Mtakatifu Augustino aliwajibu walionung'unikia nyakati mbaya kwamba nyakati ni sisi wenyewe. Tena dhambi kubwa ya kila zama si ile inayopigiwa kelele, bali ni ile ambayo watu wa heshima wameizoea hata hawaioni tena.

Basi yatupasa tuache kuuliza kama babu zetu walikuwa bora, tuulize ni jambo gani letu ambalo wajukuu wetu watalionea haya. Wako watoto wanaofanya kazi katika mashamba ya tumbaku ya mkoa huu, saa ambayo wenzao wako darasani. Wako wasichana walioletwa kutoka vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa, nao ndio wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na mshahara wao wa mwezi haujulikani ulipo. Sisi hatuwaiti watumwa, twawaita dada. Jina ni zuri. Lakini jioni, tuketipo barazani kusikitikia adabu iliyopotea, chai huletwa na nani? Na tuanze kwa kumwuliza huyo ana umri gani, na kama amelipwa.