Mchumia Juani

Mkulima mmoja wa Mkuranga alipanda ekari moja ya mihogo. Mvua zikakubali, miche ikashika, na ilipofika kimo cha kiuno akaja mchuuzi wa kisamvu kutoka Dar es Salaam, fedha mkononi. Mwanzoni mkulima akamchumia ncha za juu tu. Mchuuzi alipopandisha bei, mkulima akashuka hadi matawi ya chini, kila wiki, bila kubakiza.

"Mwanangu, hiyo mihogo itakula nini?" mama yake akamuuliza.

"Mama, chakula cha mihogo si mvua na mbolea?"

Hapo ndipo alipopotea. Ardhi hutoa maji na madini, lakini chakula chenyewe hupikwa majanini. Ndani ya seli za jani bichi mna chembe za kijani ziitwazo kloroplasti, makumi katika seli moja. Hizo hunasa mwanga wa jua, na kwa nguvu yake hutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya ukaa. Oksijeni hutoka nje. Sukari huteremka kwa mishipa ya shina hadi mizizini, ikahifadhiwa kama wanga. Mzizi uliofukiwa gizani hauna wa kuupikia ila jani. Mchumia juani hulia kivulini.

Tena hasara ilikuwa mara mbili. Shina lililopukutishwa hukimbilia kuchipua upya, na jani changa haliwezi kujilisha mpaka likue. Kwa hiyo mmea huuchota ule wanga uliokwisha kuwekwa mizizini. Kila gunia la kisamvu lililopakiwa lilikuwa na sehemu ya mihogo ambayo bado haijavunwa.

Siku ya kuvuna aling'oa shina la kwanza: vijizizi vinne, hakuna kilichozidi unene wa kidole gumba. Akavunja kimoja, nyuzi na majimaji, unga hakuna. Mashina machache ya nyuma ya nyumba, ambayo mama yake alikataza yasiguswe, yalimtoa jasho kuyang'oa.

Kisamvu ni mboga, na kichumwe. Chuma ncha changa, kwa kiasi, upe shina muda wa kupona, na majani yaliyokomaa uyaache kazini. Anayetaka biashara ya kisamvu atenge shamba la kisamvu, asilidai shamba hilohilo na mihogo.