Si Amekubali?

Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Sasa nenda Nyandarua msimu wa kuvuna waru. Gunia linajazwa mpaka mdomo, linaongezewa neti juu, linashonwa kwa kamba, halafu kijana mmoja anainama, analipokea mgongoni na kulipeleka kwenye lori. Kilo mia na kitu. Tangu 1967, Shirika la Kazi Duniani linapendekeza mzigo wa mwanamume mmoja ukizidi kilo 55 upunguzwe haraka iwezekanavyo.

Ukiuliza unajibiwa: si amekubali? Ati hakuna aliyemlazimisha.

Hapo ndipo sikubaliani. Analipwa kwa gunia, na akikataa kuna wengine wamesimama pale wakingoja. Halafu mgongo haudai siku hiyohiyo. Diski za uti zinachakaa polepole, mzigo baada ya mzigo. Huyu wa miaka 22 anaweka rehani mgongo wa mtu wa miaka 45, na huyo wa 45 hajaulizwa.

Mkulima naye analiwa, kwa sababu bei ni ya gunia, si ya kilo. Zile kilo za juu broker anazipata bure shambani, na zinabebwa karibu bure.

Najua, gunia dogo huenda likapandisha bei ya chipo hapa tao. Sawa, ipande. Ninachotaka kujua ni nani atalipia ile safari ya pili ya kwenda kwenye lori. Wakisema ni mbebaji, bado hatujaanza.