Je, Maji Yaliyomwagika Huzoleka?

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Siku hizi wako wafanyabiashara wanaodai kuwa yazoleka, mradi awepo wa kulipa. Huko Iceland, mwaka 2021, ulifunguliwa mtambo uitwao Orca, ambao huvuta hewa kwa mapangaboi makubwa na kuitenga hewa ya ukaa, ile izidishwayo angani kwa kuchomwa mafuta na makaa ya mawe. Hewa hiyo huchanganywa na maji, ikasukumwa ndani ya miamba ya volkeno, na humo ikageuka jiwe. Mwaka 2024 ukaanza kazi mtambo mkubwa zaidi, Mammoth, uliokusudiwa kuondoa hadi tani 36,000 kwa mwaka. Soko nalo limekua: mwaka 2022 makampuni kadhaa makubwa yaliahidi dola milioni 925 kununua huduma za namna hii.

Swali letu si la ufundi, bali la maadili. Je, alipaye ili uchafu uondolewe amepata haki ya kuendelea kuchafua?

Tuanze na maneno, kwani hiyo ndiyo kazi yetu walimu. Fidia hulipwa kwa kosa lililokwisha kutendeka; ruhusa hutangulia tendo. Avunjaye mtungi wa jirani akaulipa, ametimiza wajibu. Bali alipaye leo ili kesho avunje mwingine hakulipa fidia, amenunua ruhusa. Soko huviuza vitu hivi viwili kwa bei moja, na humo ndimo mna hatari.

Hata hivyo tusiikatae mitambo hiyo kwa pupa. Hewa ya ukaa iliyokwisha kupanda hudumu angani karne nyingi. Hata mioto yote ikizimwa leo, deni la jana litabaki, na ni haki lilipwe na waliolikopa.

Lakini na tupime. Kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kila mwaka. Kuziondoa zote kungehitaji mitambo karibu milioni moja mfano wa Mammoth. Achotaye kwa kijiko hana budi kwanza kufunga bomba.

Kwa hiyo twaona kuwa kuiondoa hewa hiyo ni malipo ya deni lililopita, wala si idhini ya kukopa tena. Aahidiye kuzoa na aonyeshe kwanza kuwa ameacha kumwaga. Wahenga hawakukosea: onyo lao lilimhusu aliyeushika mtungi ungali mzima.