Kura ya Mshahara Ianzie Mizanini

Ndugu zangu wa Kiritiri, leo sina maneno laini. Nahubiri juu ya mshahara wa kibarua, na yeyote aliyeajiri mtu nyumbani au shambani asogee karibu, maana ujumbe huu unamfikia yeye kabla haujaifikia serikali.

Kila tarehe 1 Mei tunategea redio sikio, tukingoja rais apande jukwaani atuambie jasho letu limeongezewa asilimia ngapi. Mwaka 2022 ilikuwa 12. Mwaka 2024 ikawa 6, na hata hiyo ikangoja mpaka Novemba ndipo ikaanza kutumika. Sisi tunapiga makofi na kushukuru. Tunashukuru nini? Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, na ibara ya kwanza kabisa inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Mwenye mali hapigi magoti kuomba mali yake!

Hebu ichungulieni amri ya mshahara ya 2024 ilivyoagiza. Kibarua wa kawaida jijini Nairobi asilipwe chini ya shilingi 16,113 kwa mwezi. Embu mjini, kwa kuwa palikuwa manispaa, ni zaidi ya 14,800. Mtu huyohuyo, na fagio lilelile, mpandishe matatu umlete hapa Kiritiri, Mbeere: anashuka hadi 8,596 hivi. Mwingize shambani akiwa hana ujuzi maalumu, hata elfu nane hafikishi: 7,997. Na sehemu ya stima inayowaka Nairobi inatoka wapi, kama si Kamburu, Gitaru na Kindaruma, kwenye mto wetu wa Tana? Duka la Kiritiri halikuuzii unga nusu bei kwa sababu unaishi Mbeere. Ni nani basi aliyelipima tumbo la Mmbeere akaona linatosheka na nusu?

Ndiyo maana nasimama na wanaosema kima cha chini cha mshahara kipigiwe kura na wananchi wenyewe. Wengine wamefanya. Waswisi walikataa faranga 22 kwa saa mwaka 2014, tena kwa kishindo, lakini watu wa Geneva wakarudi kwenye sanduku Septemba 2020 wakapitisha 23. Florida, kule Marekani, mwaka huohuo wa 2020 watu 6 katika kila 10 waliunga mkono dola 15, na siku hiyohiyo jimbo lao lilimchagua Donald Trump. Wenye mkono wa kulia na wa kushoto, njaa waliijua.

Kwetu njia ni nyembamba, sitawadanganya. Ibara ya 257, ya wananchi kubadilisha Katiba, inadai sahihi milioni moja za wapiga kura, kisha mabunge 24 ya kaunti kati ya 47 yakubali. Mswada wa Punguza Mizigo wa kubadilisha Katiba ulizipata sahihi zake mwaka 2019, ukafia mikononi mwa wawakilishi wa wadi. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007, ile inayomwachia waziri kalamu, ni sheria tu, na ibara ya 119 inamruhusu yeyote kati yetu kupeleka ombi bungeni ibadilishwe. Wazee, tuandikeni! Vijana, kusanyeni sahihi!

Lakini ngojeni kwanza. Siku kura hiyo ikija, wewe utaipigaje?

Maana hapa mwajiri si bwana mkubwa wa kiwandani. Mwajiri ni wewe mama wa kwaya, na wewe mzee wa kanisa mwenye ekari tatu za muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha. Wachumaji wanafika kwako kabla jua halijatoka. Wanachuma majani machanga, moja moja, mpaka ncha za vidole zinakuwa nyeusi kwa utomvu. Saa nne gunia linaning'inizwa kwenye mizani iliyofungwa kwenye tawi, gari la mnunuzi linanguruma barabarani, na wewe unasoma: kilo tatu! Mshale umepita tatu, umekaribia nne. Unasema ni umande. Nusu kilo na zaidi imemezwa na umande! Na ukiuza kwa mnunuzi, umande huo mbona haupunguzwi?

Najua wapo wanaonong'ona, muguka umefikaje madhabahuni. Ulifika zamani, ndani ya bahasha za sadaka.

Labani alimbadilishia Yakobo ujira mara kumi, na Yakobo alikuwa mkwe wake, si mgeni. Ndivyo dhuluma ya mshahara inavyopenda kukaa: kati ya watu wanaojuana, wanaoitana ndugu Jumapili. Torati iliagiza maskini alipwe kabla jua halijatua. Msichana anayekulelea mtoto anaenda mwezi wa pili unamwambia "vumilia, mambo ni magumu," na simu mpya iko mkononi.

Utaniambia bei inayumba. Ni kweli. Mei 2024 Mombasa ilipopiga muguka marufuku, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, tulilia wote hadi Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Mkulima aliumia, sibishi. Lakini niambieni, bei ikianguka, malipo ya nani hukatwa kwanza? Na ikipanda, je, mchumaji huambiwa? Kama huwezi kumlipa mtu kwa halali, punguza eneo unalochuma, au ingia shambani na watoto wako wakubwa. Umaskini wako haukupi ruhusa ya kula jasho la aliye maskini kuliko wewe.

Basi natoa agizo. Vyama vyote vya wakulima na vikundi vya akina mama, mkutano ujao wekeni ajenda moja: bei ya kuchuma kilo, na mshahara wa msaidizi wa nyumbani. Waiteni wachumaji na wasichana hao wakae ndani, si nje chini ya mti. Na wao wapige kura, mkono wao uhesabiwe sawa na wako. Mizani isomwe na mchumaji mwenyewe. Mtakachokubaliana kiandikwe kwa karatasi, kibandikwe mlangoni mwa kanisa, na majina ya waajiri chini yake. Jina langu litakuwa la kwanza, kwa sababu na mimi nina mchunga mbuzi.