Picha ya Mtu Aliyefungwa Mikono

Je, mtu aliyeshindwa vitani ana haki yoyote juu ya picha yake? Swali hili sikulipata darasani. Nimelikuta hapa hapa Iyunga, ng'ambo ya reli ya TAZARA, mezani kwa Bibi jirani yetu.

Marehemu mumewe alikuwa askari katika Vita vya Kagera. Habari yenyewe mnaijua: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwa askari wetu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nao. Mzee alirudi akaanza daftari kubwa. Ndani yake amebandika kwa uji wa ngano vipande vya gazeti la Uhuru na picha za wenzake: mmoja anavuta sigara juu ya lori, mwingine anajimwagia maji ya ndoo, povu limemjaa kichwani.

Bibi anataka daftari lipelekwe maktaba ya chuo likahifadhiwe, maana panya wameshaanza kutafuna kona zake. Akaniita mimi kwa kuwa, alisema, ndiye mtu wa vitabu mtaani. Nikavimba kichwa. Kisha akanipa wembe.

"Ule ukurasa wa katikati, mjukuu wangu. Ikate ile picha, uichome."

Nikaitazama. Kijana mmoja kakaa chini, kifua wazi, mikono imefungwa nyuma. Pembeni yake Mzee, kijana naye wakati huo, kasimama anacheka.

Nikaja juu. Nikamwambia Bibi hiyo ni historia, na historia haikatwi kwa wembe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema: "Huyo naye alikuwa na mama. Nani kamwuliza kama anataka kukaa kwenye kabati la watu vile alivyo?"

Nikakosa jibu. Usiku nikajiuliza hasira yangu ilitoka wapi. Kusema kweli haikuwa ya historia. Picha ile nilikuwa nimeshaitia katika sura ya kwanza ya riwaya ninayoiota tangu nimalize kidato cha nne. Niliitaka tu, na tamaa yangu nikaipa jina la ukweli. Nadhani si mimi peke yangu mwenye tabia hiyo miongoni mwetu tunaotaka kuandika.

Hata hivyo, kuchoma nako kuna hasara. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la Uganda, yalikutwa makumi ya maelfu ya negativu za wapigapicha wa serikali, nyingi za enzi ya Amin. Baadhi zilionyeshwa mwaka 2019 katika Makumbusho ya Uganda, Kampala. Zimejaa hotuba, mikutano na gwaride. Waliouawa karibu hawaonekani. Basi kama serikali hutunza sherehe zake, na sisi raia tukachoma aibu zetu, wajukuu watabaki na gwaride tu.

Lakini kuhifadhi si lazima kuwe kuonyesha. Kalenga, Iringa, watu huingia kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Pale anayetazamwa ana jina, na yuko kwa watu wake. Kijana wetu hana jina, na kwao hatukujui.

Asubuhi nikarudi kwa Bibi na shauri hili: picha isichomwe, ila itiwe kwenye bahasha na kufungwa. Juu ya bahasha tuandike maneno yake mwenyewe, kwamba huyu alikuwa na mama. Tuandike pia kwamba isitundikwe ukutani wala isiwekwe kwenye jalada la kitabu chochote, changu kikiwemo.

Bibi bado hajajibu. Wembe nimemrudishia, maana uamuzi ni wake. Daftari liko pale pale mezani, na panya hawangoji. Wewe msomaji mwenzangu, ungekata?